Boila ya zamani inavuja: nyumba ya mlimani ifungwe hita gani?

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi na mume wangu tumenunua nyumba Isamilo, hapa Mwanza, upande wa mlimani, iliyojengwa miaka ya tisini. Tunaishi watu sita: sisi wawili, watoto watatu, na mama mkwe wangu ambaye umri umekwenda na hawezi tena maji ya baridi. Darini kuna boila ya umeme ya lita 80 iliyolazwa. Inavuja kutu kwenye mshono wa chini, na maji yake hutoka mekundu. Fundi wa kwanza anatushauri tununue ya lita 100, wa pili anataka tufunge hita ndogo za papo kwa papo katika kila bafu, na wa tatu anasema tuachane na umeme, tupandishe sola juu ya bati. Tenki letu ni la lita 2,000, liko juu ya mnara wa chuma nyuma ya nyumba, na maji ya bomba huja kwa zamu. Tumsikilize nani?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa nyumba. Mafundi wenu watatu wametaja vifaa vitatu, lakini katika maelezo yako simwoni hata mmoja aliyepanda mnarani na futikamba mkononi, wala aliyefungua kisanduku cha breka akatazama unene wa waya unaokwenda bafuni. Kwa nyumba za milima ya Mwanza, urefu ambao maji yanateremka na njia ambayo umeme unapita huamua mengi kuliko jina lililobandikwa kwenye boila. Hita nyingi nilizowahi kuitwa kuzitazama hazikuwa mbovu hata kidogo. Zilikuwa hita nzuri zilizofungwa katika nyumba zisizozifaa.

Kabla ya kununua chochote, tujiridhishe kwamba ya zamani imekufa kweli, kwa sababu wapo wanaouziwa boila mpya kwa ajili ya matone ambayo ni ya kawaida. Maji yakipashwa hutanuka. Lita 80 zikitoka nyuzi 24, ambalo ndilo joto la kawaida la maji yetu, hadi nyuzi 60, huongezeka kwa zaidi kidogo ya lita moja, na lita hiyo lazima ipate pa kutokea, ndiyo maana valvu ya usalama iliyo kwenye bomba la maji baridi hudondosha wakati boila inapasha na kunyamaza ikishapoa. Ukikinga kikombe na kuona matone yanakuja kwa saa za kupasha tu, hapo hakuna ubovu. Koili (kile kipashio cha ndani) iliyoungua au thamostati (kidhibiti cha joto) iliyokwama nayo si kifo cha boila, maana hivyo ni vipuri vinavyobadilishwa kwa muda mfupi.

Yenu ni hali nyingine. Tangi la ndani la boila za aina hiyo ni chuma kilichopakwa enameli, na ndani yake huning'inia fimbo ya magnesiamu ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Fimbo ikiisha na isibadilishwe, kutu hugeukia tangi lenyewe, huanzia kwenye mishono, na ikishatokeza nje hakuna kuchomelea wala kuziba. Kuhusu maji mekundu, hata hivyo, usiilaumu boila peke yake mpaka umefanya jaribio dogo: asubuhi kabla mtu hajatumia maji, kinga glasi moja kutoka koki ya baridi na nyingine kutoka koki ya moto. Ikiwa zote mbili zina wekundu, basi mabomba ya chuma ya miaka ya tisini nayo yameoza ndani, na boila mpya itakayoungwa humo itapokea kutu ya watu wengine tangu siku ya kwanza.

Sasa tuje kwenye ukubwa, ambako fundi wa kwanza amefuata desturi badala ya hesabu: aliona 80, akapandisha hadi 100. Mtu haogi maji ya nyuzi 60. Huoga maji ya nyuzi kama 40, yaliyochanganywa. Lita 50 zilizopashwa hadi nyuzi 60 zikichanganywa na maji yetu ya nyuzi 24 hutoa takriban lita 112 za kuoga. Anayeoga kwa ndoo hutumia lita 20, na anayeoga kwa shawa ya kawaida kwa dakika tano hutumia kama 30. Watu sita kwa lita 20 ni lita 120, kwa hiyo hata mkioga wote kwa mfululizo, lita 50 zinakaribia kuwatosha, na kwa kawaida watoto huoga jioni na wazazi alfajiri, hivyo hita hupata nafasi ya kupasha tena katikati. Nikiongeza ukweli kwamba hapa kwetu watu wazima wengi hawayataki maji ya moto isipokuwa kati ya Juni na Agosti, usiku unapopoa, na kwamba mwenye haja ya kila siku katika nyumba yenu ni mama mmoja, naona lita 100 ni kupasha maji ya kuyaangalia yakipoa.

Kupasha huko kuna bei yake, na hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo wanunuzi wengi wa nyumba hushtukia. Lita 50 kutoka nyuzi 24 hadi 60 hula uniti 2.1, na ukijumlisha joto linalopotea kupitia ganda la hita, hesabu ya kweli ni kama uniti mbili na nusu kwa siku, yaani uniti 75 kwa mwezi. Namba hiyo inafanana na nyingine unayoijua, kwa kuwa uniti 75 ndio mpaka wa kundi la D1 la TANESCO, la watumiaji wadogo, ambalo mteja wake hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na akivuka hutozwa shilingi 350 kwa kila uniti ya ziada. Kundi la T1, ambalo ndilo la nyumba nyingi za familia, hulipa shilingi 292, na ukiweka kodi ya ongezeko la thamani pamoja na tozo za REA (wakala wa nishati vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inafika kama shilingi 356. Maana yake ni kwamba hita peke yake inaweza kumaliza nafasi yote ya D1 kabla friji haijawashwa. Tazama risiti za LUKU alizokuachia muuzaji: ikiwa shilingi 1,000 ilikuwa inampa uniti kama nane, mita iko D1, na utulivu wa bili zake usiutarajie kuwa wako; ikiwa ilimpa uniti 2.8, mita iko T1, na hita ya lita 50 inayotumiwa kila siku itakugharimu kama shilingi 26,700 kwa mwezi.

Sehemu ya gharama hiyo inaepukika bila kununua kitu. Hita inayoachwa imewashwa saa 24 hupoteza hadi uniti moja kwa siku kwa kujipasha tu. Ya lita 50 yenye koili ya wati 1,500 huhitaji karibu saa moja na nusu kuchemsha maji yake hadi nyuzi 60, hivyo ikiwashwa saa kumi alfajiri huwa tayari saa kumi na moja na nusu, na mtu wa mwisho akishaoga izimwe. Kipima saa kidogo cha kwenye kisanduku cha breka hufanya kazi hiyo bila mtu kuamka.

Hita za papo kwa papo za fundi wa pili zinavutia kwa sababu ni ndogo, bei yake ni nafuu, na hazihifadhi maji ya kupoa. Siwezi kusema ni vifaa vibaya. Nimezifunga mwenyewe katika vyumba vya wageni vinavyotumika mara mbili kwa mwezi. Lakini angalia zinavyofanya kazi. Hita ya wati 3,500 inayotakiwa kuyatoa maji nyuzi 24 hadi 40 inaweza kupasha lita tatu tu kwa dakika, na lita tatu kwa dakika ni mnyunyizo wa kumwagilia miche ya nyanya. Ukitaka lita tano unahitaji wati 5,500, ambazo huvuta ampea 24, na hapo waya wa milimita 2.5 uliowekwa miaka ya tisini hautoshi. Unahitaji waya wa milimita 6 wa peke yake kutoka kwenye breka, kwa kila bafu. Kisha kuna jambo la volti. Nguvu ya koili hupungua kwa mraba wa volti, kwa hiyo jioni ambayo mtaa mzima umewasha pasi na majiko na volti zikashuka kutoka 230 hadi 200, hita ya wati 3,500 hubaki na kama 2,650, na anayeoga huona maji yamegeuka uvuguvugu katikati ya sabuni. Hita ya tangi katika hali hiyo huchelewa kidogo tu. Umeme ukikatika kabisa, ya tangi bado ina maji ya moto kwa saa kadhaa, wakati ya papo kwa papo huwa pambo la ukutani.

Kuna kikwazo kingine ambacho kwa nyumba yako huenda ndicho kikubwa kuliko vyote, nacho ni presha. Maji yanayoshuka kutoka tenkini hupata presha ya baa 0.1 kwa kila mita moja ya kimo (baa hii ni kipimo, si mahali pa kunywea). Pima kwa futikamba kutoka kitako cha tenki hadi kwenye kichwa cha shawa, kwa wima, na si kwa kufuata bomba. Mnara wa mita sita unaonekana mrefu, lakini nyumba ya mlimani mara nyingi imejengwa juu kidogo ya mahali mnara uliposimamishwa, na baada ya kutoa tofauti hiyo pamoja na kimo cha shawa yenyewe unaweza kubaki na mita mbili na nusu, yaani baa 0.25. Hita nyingi za papo kwa papo zina swichi inayosubiri msukumo wa maji ndipo iwashe koili, na kwa presha hiyo baadhi hazitawaka kabisa au zitawaka na kuzima kila mara. Soma kiwango cha chini cha presha kilichoandikwa kwenye lebo kabla ya kulipa. Usipokuwa na futikamba, chukua ndoo ya lita 10, ijaze kwa shawa na uhesabu muda: ikipita dakika mbili, msukumo wako ni chini ya lita tano kwa dakika, na tatizo hilo halitatuliwi na hita yoyote bali na mabomba mapana zaidi, mnara mrefu zaidi, au pampu ndogo.

Wakati uko kwenye mabomba, fuatilia maji baridi ya bafuni yanatoka wapi. Katika nyumba za umri wa yenu ni jambo la kawaida kukuta koki ya baridi imeungwa moja kwa moja kwenye bomba la MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, wakati boila inalishwa na tenki. Siku ya zamu, maji ya bomba hushuka kwa nguvu na kuyasukuma ya moto yarudi yalikotoka, na mtu hupata baridi tupu hata kama hita imejaa moto; siku ambayo si ya zamu, maji ya tenki yanaweza kuvuja kurudi kwenye bomba la mtaa usiku kucha. Wenye nyumba hulaumu hita, wakati dawa ni kulisha pande zote mbili kutoka tenki lile lile na kuweka valvu inayozuia maji yasirudi nyuma. Tangu chanzo cha Butimba chenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku kiungane na kile cha Capri Point, mitaa mingi imepata nafuu ya maji, lakini milimani msitegemee presha ya bomba kuoga. Tegemeeni tenki lenu.

Jambo la ethi, yaani waya na fimbo ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, sitalipitia haraka, kwa kuwa limeua watu. Mwanza imejengwa juu ya mawe, na tunajivunia hivyo, lakini fimbo ya ethi haiingii kwenye jiwe. Katika viwanja vya mlimani nimeng'oa fimbo zilizopaswa kuzama zaidi ya mita moja nikakuta zimekatwa kwa msumeno na kuchomekwa kwenye kokoto za juu, zikafunikwa kwa saruji ili zionekane za maana. Hata fimbo iliyowekwa kwa uaminifu, ikiwa katika udongo mwembamba uliokauka wakati wa kiangazi, hupitisha umeme vibaya. Koili ya hita ikipasuka, umeme huingia ndani ya maji na kumtafuta mtu aliyesimama peku kwenye sakafu yenye unyevu, na breka ya kawaida haitajua, kwa kuwa umeme unaotosha kumuua mtu ni mdogo mno kuiangusha. Kwa hiyo, chochote mtakachochagua, hita ilindwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampea 30, kile ambacho mafundi wanakiita RCD, na kiwe na swichi yake ya nje ya bafu inayokata waya zote mbili. Mtafute fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mwambie apime ukinzani wa ethi kwa kipimo na akuandikie namba aliyoipata. Akikujibu kwamba ethi ipo kwa sababu ameuona waya wa kijani, mshukuru na umwite mwingine. Kifaa hiki kinunuliwe kabla ya hita yenyewe, hata ikibidi hita isubiri mwezi mmoja.

Fundi wa tatu, wa sola, ndiye mwenye hoja nzito kuliko wenzake, ingawa naye ameruka hatua. Ukanda wetu hupokea jua la takriban kilowati-saa 5 (yaani uniti 5) kwa kila mita ya mraba kwa siku, na paneli ya kupasha maji yenye mita za mraba mbili, hata ikinasa nusu tu ya jua hilo, huleta mara mbili ya joto ambalo familia yenu inahitaji. Kwa gharama ya umeme niliyoitaja, hesabu ni nyepesi: chukua tofauti ya bei kati ya sola iliyokwisha fungwa na hita ya umeme iliyokwisha fungwa, uigawe kwa shilingi 26,700. Tuseme tofauti ni shilingi 1,400,000. Itarudi kwa miezi 52, yaani zaidi kidogo ya miaka minne, kama mnatumia maji ya moto kila siku mwaka mzima. Mkiyatumia kwa miezi ya baridi tu na kwa mama peke yake, haitarudi kwa miaka kumi.

Swali ambalo fundi huyo hakuuliza ni hili: tangi la sola litakaa juu ya nini, na maji yatapandaje? Hita nyingi za sola zinazouzwa kwetu, hasa za mirija ya kioo, hujazwa kwa maji kushuka yenyewe, kwa hiyo kitako cha tenki la maji baridi ni lazima kiwe juu kuliko tangi la sola. Tangi la sola hukaa kwenye kilele cha bati. Mara ngapi nimeitwa, mara moja Nyegezi na nyingine Buswelu, kuitazama sola mpya isiyotoa maji, nikasimama barabarani tu na kuona kwamba tenki la baridi liko chini ya tangi la sola kwa nusu mita! Maji hayajawahi kupanda kwa kuonewa huruma. Pale Isamilo, mnara ukiwa nyuma ya nyumba na bati likiwa juu, pimeni kwanza. Ikibidi kurefusha mnara wa kubeba tani mbili za maji, gharama yake iingie kwenye hesabu ya sola. Bati nalo likaguliwe na kenchi zake, maana mfumo wa lita 200 ukijaa maji, pamoja na fremu yake, huzidi kilo 200, na mbao za miaka ya tisini zilizokwisha kuonjwa na mchwa hazitalibeba.

Mkifikia kuifunga, itazame kaskazini kwa mteremko wa nyuzi 10 hadi 15. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta, hivyo jua huwa upande wetu wa kaskazini tangu katikati ya Machi hadi karibu mwisho wa Septemba, na hiyo ndiyo miezi ambayo ndani yake kuna ile ya baridi. Kivuli cha mwembe au cha jabali la jirani kina madhara makubwa kuliko kukosea mwelekeo kidogo. Mirija ya kioo isijazwe maji baridi saa saba mchana ikiwa mikavu, itapasuka, ijazwe alfajiri. Na kwa siku za mawingu za masika mtahitaji koili ya umeme ya akiba ndani ya tangi hilo hilo, jambo linaloturudisha kwenye ethi na RCD.

Gesi hamkuitaja, nami nitaisema kwa ufupi kwa kuwa wapo wanaoileta bafuni. Kwa matumizi yenu ingekula kama kilo sita kwa mwezi, kwa hiyo mtungi wa kilo 15 ungefika miezi miwili na nusu, na kwa bei hilo linaweza kushindana na LUKU. Hita ya gesi, hata hivyo, hufungwa nje ya nyumba au mahali penye bomba la kutolea moshi hadi nje. Ndani ya bafu lililofungwa hutoa hewa ile ile ya sumu isiyo na harufu inayotolewa na jiko la mkaa, na mwenye kuoga hulegea bila kujua. Katika nyumba yenye mzee na watoto, mimi sitaifunga.

Kwa hiyo, kwa nyumba kama ulivyonieleza, ningefunga hita moja ya umeme ya tangi, ya lita 50, ya kusimama wima, kwenye ukuta wa tofali ulio kati ya bafu la mama mkwe na bafu la familia kama yamepakana, au ndani ya bafu la mama kama yametengana. Ya wima hutenganisha maji ya moto juu na ya baridi chini vizuri zaidi, hivyo hutoa maji mengi ya moto kabla hayajaanza kuzimuka, kuliko ile iliyolazwa. Ukaribu nao ni akiba: bomba refu kutoka darini huwa na lita mbili tatu zilizopoa ambazo mama huzimwaga kila asubuhi akisubiri. Wakati ukuta umetinduliwa, pitisheni pia bomba moja la akiba hadi darini na lizibwe, ili mwaka mtakaopata nafasi ya sola ukuta usitinduliwe tena. Ikiwa vipimo vya mnara na bati vitaonyesha kwamba sola inaweza kujazwa bila kujenga upya, na fedha ipo, basi anzeni na sola moja kwa moja, sitabishana nanyi.

Dukani, usianze na rangi. Uliza tangi la ndani ni la nini, fimbo ya magnesiamu ina unene gani na inauzwa kama kipuri hapa mjini, na dhamana ya tangi ni miaka mingapi mbali na dhamana ya vifaa vya umeme, maana wauzaji hupenda kutaja ile ndefu tu. Tafuta alama ya TBS, na udai risiti ya EFD, kwa kuwa bila hiyo dhamana ni maneno. Maji ya ziwani ni laini, hayaachi chokaa nyingi, lakini ulaini huo huo haukitetei chuma, hivyo fimbo ifunguliwe na kutazamwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Mkichanganya na maji ya kisima, tazama ndani ya birika lenu: likiwa na magamba meupe, koili nayo itayavaa, na itahitaji kusafishwa mapema zaidi.

Mabomba ya maji ya moto yawe ya PPR, aina ya plastiki, ya daraja la maji ya moto, yaliyounganishwa kwa mashine. PVC ya kawaida hulainika na kuachia kwenye viungo. Bomba dogo la valvu ya usalama lielekezwe chini hadi kwenye mfereji wa sakafu, na kamwe lisizibwe. Nimewahi kukuta valvu imepigwa kizibo cha mbao kwa sababu ilikuwa inaloanisha ukuta, na tangi lilikuwa limevimba kama ngoma; namshukuru Mungu thamostati yake haikuwa imekwama. Kwa kuwa maji yenu huja kwa zamu, kila mtu nyumbani ajue kwamba tenki likiisha, hita huzimwa, na haiwashwi tena mpaka koki ya moto ifunguliwe na maji yatoke mfululizo bila kukohoa hewa. Koili ikiwaka bila maji huungua kwa dakika chache, na hiyo dhamana haiigusi.

Joto liwekwe nyuzi 60, kwa kuwa maji yanayokaa kwenye uvuguvugu hufuga bakteria, lakini nyuzi hizo huunguza ngozi ya mzee au mtoto kwa sekunde chache. Bafuni kwa mama ifungwe koki ya kuchanganyia yenye thamostati, ikiwa presha yenu inafikia kiwango cha chini kinachotakiwa na koki hiyo. Isipofika, abaki na ndoo yake na beseni, afunguliwe baridi kwanza na moto baadaye, na mtu amjaribie kwa kiwiko.

Ile ya zamani msiiache darini ikae kama kumbukumbu. Ikiwa na maji inazidi kilo 100, kwa hiyo imwagwe yote kwa mpira kabla ya kulegeza nati hata moja, na waya wake ukatwe kwenye breka, usiishie kukunjwa na kufungwa kwa utepe. Wauza vyuma chakavu wataichukua. Mbao za dari zilizokuwa chini ya ule mshono zichomwe kwa bisibisi kuona kama zimeoza, na tundu la silingibodi liachwe wazi hadi mvua moja nzito ipite, ili mjue kama unyevu mliouona ulikuwa wa boila peke yake au bati nalo linavuja.